Mbao au Tofali kwa Njiwa wa Babu

4 Februari

Mwanangu Pima,

Natumaini u mzima, mkeo mzima, na huyo aliye tumboni anamsumbua mama yake vya kutosha kuonyesha kwamba ni wa ukoo wetu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Cherehani bado inakwenda. Wiki hii nimeshona sare za shule kumi na nne na vidole vimekufa ganzi. Jirani yetu mkunga amestaafu, kwa hiyo sasa ana nafasi ya kuchungulia uani kwangu tangu asubuhi. Anakusalimu, anasema hajasahau ulivyopima ukuta wake kwa rula ukiwa na miaka sita.

Nakuandikia barua kwa sababu maneno ya simu baba yako huyakana, nami nataka maandishi.

Sasa habari ya njiwa. Mvua ya Januari imelilaza chini banda la babu yako. Nguzo zilikuwa zimeoza kwa chini na mchwa walishakula walichotaka. Waliobaki ni jozi kumi na moja, wapo jikoni ndani ya makreti ya soda, na mimi napikia nje. Njiwa hao nilikabidhiwa na marehemu kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka tisa nilimuuguza, na miaka hiyo ndiyo iliyonifundisha kuwalisha. Nataka kuwajengea banda jipya, kubwa, ambalo mtu mzima anaingia amesimama wima. Wewe ni seremala. Niambie: mbao, mabati au tofali?

Lipo na jambo jingine. Desemba, mlipomaliza kikao chenu, baba yako alinisimamisha mlangoni akaniambia nisijenge kitu cha kudumu kwenye kiwanja hiki. Hakusema kwa nini. Kama wanadhani wataiuza nyumba hii mimi nikalale chumba cha stoo kwake, wanaota. Babu yako katika wosia aliandika wasimamizi wawili, baba yako na wewe, na hakiuzwi kitu hapa bila sahihi zenu zote mbili. Kwa hiyo usingizi wangu naulala wote. Ila nataka kujua mliandika nini siku ile, kwa sababu mimi sikuitwa kukaa, niliitwa kuleta sukari.

Shangazi yako, mwenye njiwa jikoni


21 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua imefika na tumeisoma sote wawili. Mama mtarajiwa amecheka mpaka akakaa chini. Yeye hajambo, miguu tu inamvimba jioni. Karakana imejaa kazi: tuna oda ya madawati sitini, msumeno mkubwa umeharibika, na mwenzangu aliyekwenda kuutengeneza amerudi na maelezo bila msumeno. Baba nasikia presha yake imeshuka. Msalimie sana mkunga.

Kuhusu banda, nakujibu kama fundi: mbao. Tofali la saruji hunywa maji. Mvua ikiupiga ukuta leo, ndani kunabaki unyevu wiki nzima, na hakuna kitu kinachommaliza njiwa kama unyevu. Anaanza kukohoa, pua zinatoa maji, makinda wanakufa kiotani. Bati tupu nalo saa saba mchana ni kikaango.

Tafuta mbao za msonobari za inchi moja, zilizokauka sawasawa. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti nzito, zina maji bado, ziache. Sakafu iwe juu ya nguzo, goti moja kutoka chini, upepo upite na panya wakose pa kujificha. Sehemu ya nguzo itakayofukiwa ipake oili chafu, na ipite shubiri moja juu ya udongo. Mbele weka wavu wa matundu madogo ambayo paka hawezi kupitisha mkono. Paa liwe la bati, lakini chini yake pigilia plaiwudi, na juu ya ukuta acha mwanya wa vidole vinne hewa chafu itoke. Ndani paka chokaa. Usiguse rangi ya mafuta, wataidonoa. Kila jozi iwe na vitundu viwili, maana jike hutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajatoka.

Usipoelewa mahali, niulize, nitakuchorea.

Mwanao, Pima


7 Machi

Mwanangu Pima,

Marahaba. Mkeo aweke miguu juu ya mto na aache kukupikia wewe, una mikono. Huku mvua zinaendelea na bei ya nyuzi imepanda, lakini tunajikaza kisabuni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilivaa miwani, nikidhani mistari inayohusu kikao imenipita. Haimo. Mtu anayekumbuka oili chafu inapakwa mpaka wapi kwenye nguzo hashindwi kukumbuka kikao cha saa mbili alichokaa kwenye kiti. Umenipiga chenga, na umenipiga chenga kwa heshima, jambo linaloniudhi zaidi.

Basi nami nimeamua. Ni tofali.

Nakueleza sababu usije ukadhani ni ukaidi mtupu, ingawa ukaidi pia upo. Banda la mbao hubomolewa kwa nusu siku na watu wawili, nimekwenda sokoni, narudi nakuta uwanja umefagiliwa. Ukuta wa tofali ukishashikana, anayetaka kuubomoa lazima mtaa mzima umsikie. Baba yako amesema nisijenge cha kudumu. Mimi nina miaka hamsini na minane, nimezaliwa kwenye nyumba hii, nimeolewa nikarudi kwenye nyumba hii, nimemwosha baba yangu kwenye nyumba hii. Kama kuna cha kudumu hapa, ni mimi.

Fundi mwashi ni yule tunayemwita Taratibu. Ameanza msingi Jumatatu. Anaweka tofali moja, anarudi nyuma kulitazama kama anachagua mchumba, ndipo anaweka la pili. Nimemwambia aongeze saruji. Akasema njiwa hawahitaji ngome. Nikamwambia yeye ajenge, wanaohitaji nawajua mimi.

Kikao kilisema nini?

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Madawati yalinifunga, kisha tarehe 11 Aprili tumepata mtoto wa kike. Mama na mtoto hawajambo. Ana paji la uso la babu, na akitaka kulia hukunja ndita kwanza, kama anatuonya. Nilitaka nikuandikie siku ileile, sikufanya hivyo, na sina udhuru wa maana.

Kama ukuta umeshasimama, tafadhali usipige plasta ndani kwa sasa. Toa tofali moja moja kwenye safu ya juu upate matundu ya hewa, na sakafu ya zege ifunike kwa mbao. Lakini ningekuwa wewe ningesimamisha kazi. Bado nasema mbao. Banda la mbao hufunguliwa vipande vipande, likahamishwa popote maisha yatakapokupeleka.

Kuhusu kikao, yalizungumzwa mengi, mambo ya kawaida ya familia. Tutaongea tukionana.

Mwanao, Pima


16 Mei

Mwanangu,

Hongera, hongera tena, na mpe mkeo hongera yake peke yake kwa sababu kazi ni yake. Nimemshonea mtoto magauni matatu, na kofia moja ya kuficha hilo paji la uso mpaka alizoee. Dereva wa lori la mizigo atakuletea. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kwa kuwa marehemu angempenda sana.

Nimemaliza habari njema. Sasa: popote maisha yatakaponipeleka. Yanipeleke wapi? Nimesoma mstari huo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena.

Jumapili baba yako alikuja. Alisimama mbele ya ukuta wangu akacheka, akasema, "Jenga tu, dada yangu. Mwenye nyumba mpya atapata pa kufugia mbuzi wake. Mwanao ameshatia sahihi." Nikamwambia mwongo. Nilimwambia kaka yangu mkubwa kwamba ni mwongo, mbele ya mkunga na Taratibu na kila aliyekuwa na masikio. Nikamwambia, Pima hawezi, Pima nimemlea mimi likizo zote za shule. Akatikisa kichwa akaondoka.

Njiwa wameshahamia. Wanakohoa kidogo, ni ugeni.

Nataka unijibu kwa neno moja, kama nilimsingizia kaka yangu. Ulitia sahihi? Habari za wavu sizitaki.

Shangazi yako


3 Juni

Shangazi, shikamoo.

Ndiyo.

Neno moja ulilotaka ni hilo. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote tatu za kwanza nilianza na habari za mtoto.

Ulikuwa jikoni unachemsha maji. Baba alinivuta ukumbini, akanipa karatasi na kalamu. Hapakuwa na meza, nikaiweka juu ya sinia ulilolileta wewe. Alisema mwanamke mmoja hawezi kuitunza nyumba ya vyumba vitano, alisema utakaa kwake bila shida, alisema nisimwaibishe mbele ya wadogo zake. Sikuisoma mpaka mwisho. Nina miaka thelathini na minne na bado namwogopa baba kama mtu aliyevunja kioo. Mnunuzi yupo, ni mfanyabiashara wa mbolea, na wamepatana kumaliza mambo yao mwezi wa Septemba.

Na kuna baya zaidi. Baba ndiye aliyenituma nikuelekeze kwenye mbao. Barua yako ya kwanza ilipofika nilimpigia simu. Akasema, mwambie mbao, itakuwa rahisi kuondoa. Nilikubali upesi kwa sababu mbao ndiyo sahihi. Shangazi, kila nilichokuandikia kuhusu unyevu ni kweli tupu. Nilikwambia ukweli wa njiwa ili nisikwambie ukweli wa nyumba. Ukaniona mjanja, ukaacha vyote viwili, na nina hakika huko kukohoa si ugeni. Tafadhali watoe humo leo.

Sikuombi msamaha kwa barua. Naona haya.

Pima


5 Julai

Pima,

Sikukujibu mwezi mzima kwa makusudi. Nilitaka ujue kimya kina uzito gani mtu anapokisubiri.

Mtoto hajambo? Magauni yamemtosha?

Njiwa sita wamekufa. Wanne makinda, na wazee wawili, mmoja akiwa yule jike mwenye ukosi mweupe aliyekuwa akila mkononi mwa marehemu. Ukutani kwa ndani palikuwa na ukungu wa kijani mpaka usawa wa kiuno changu. Nilikuwa nauona. Nilikuwa naufuta kwa kitambaa kila asubuhi na kujiambia utakauka, kwa kuwa barua iliyosema hautakauka ilikuwa yako. Nilijenga ukuta kumkomoa kaka yangu, nikawaua njiwa wa baba yangu. Kosa hilo ni langu, simgawii mtu. Nimelia sana, na nimekukasirikia sana, na hasira ingali ipo, nakwambia usije ukadhani imepoa kwa kuwa nimeuliza habari za magauni.

Ukuta nimeubomoa mwenyewe. Taratibu alikataa, alisema hajawahi kubomoa kazi yake na hataanza uzeeni. Nikaazima nyundo kubwa kwa fundi wa magari, nikapiga siku tatu, nikipumzisha goti kila safu mbili. Mtaa mzima ulisikia kweli. Siku ya pili dereva wa lori akaniletea salamu za baba yako: anafurahi nimerudiwa na akili. Nikamrudisha dereva palepale na jibu. Nimesema nabadilisha ukuta, nia sijabadilisha.

Sasa nisikilize. Banda litakuwa la mbao, na utalichonga wewe. Sitaki la kununua wala la fundi mwingine. Liwe limetengenezwa na mkono uleule ulioshika kalamu juu ya sinia langu. Urefu mita nne, upana mbili na nusu, mlango upande wa jikoni. Msingi wa tofali ninao, nimeuacha makusudi, nguzo zisimame juu yake na mchwa wakome.

Ama sahihi yako, hiyo ni kazi nyingine. Sikufundishi namna ya kuiondoa. Msimamizi ni wewe.

Shangazi yako


10 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Mtoto hajambo, ameanza kucheka, na kofia imeshakuwa ndogo. Mke wangu anasema amekuelewa na yupo upande wako, na amenieleza hivyo kwa siku nyingi mfululizo.

Lori litafika kwako Alhamisi. Lina vipande thelathini na vinane, skrubu, bawaba, komeo, wavu na plaiwudi. Mbao zenyewe nilikuwa nimezikausha mwaka mzima kwa ajili ya kabati letu la chumbani. Mama mtoto ndiye aliyesema zitoke, nguo zimezoea kamba. Nilifunga banda lote hapa karakanani nikaingia ndani, nikafunga mlango nikakaa humo kidogo. Halafu nikalifungua. Nyuma ya kila ubao nimeandika kwa penseli mahali pake na namba yake, ukuta wa mashariki, wa magharibi, wa mbele, kuanzia chini kwenda juu. Ukifuata namba huwezi kukosea. Vitundu ni ishirini na viwili, kwa sababu najua wataongezeka.

Kwa baba bado. Nimemwandikia mara mbili nikachana. Nadhani ni heshima zaidi nikimwambia ana kwa ana, mwisho wa mwaka tukija.

Pima


12 Septemba

Mwanangu Pima,

Marahaba. Mimi na mkunga tumelisimamisha banda kwa siku mbili, yeye akisoma namba na mimi nikikaza skrubu. Ameniambia katika maisha yake yote ya kazi hajapata kushika kitu kilichokuja na maelezo. Limekaa vizuri. Ndani ni kukavu, panaingia hewa, na njiwa hawakohoi. Umelitengeneza kwa roho moja, inaonekana, na nakwambia kwa sababu ni haki yako kusikia.

Ila mwisho wa mwaka uliousema umeuwahisha mwenyewe, soma hapa.

Jumamosi asubuhi baba yako alikuja na yule mnunuzi wa mbolea. Mkononi ana mtalimbo. Alikuwa amemwahidi mwenzake kiwanja cheupe. Nikamsalimu, "Kaka, shikamoo. Ni la mbao, kama ulivyotaka. Nusu siku tu unamaliza. Karibu." Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, mikono mapajani.

Alinitazama. Nadhani alitaka nipige kelele, apate sababu ya kunituliza. Sikumpa. Akaingiza mtalimbo nyuma ya ubao wa juu, akavuta, jasho likamtoka. Unajua ana miaka sabini. Skrubu zikang'oka na kipande cha mbao. Akaugeuza ubao ili autupe, na hapo ndipo akasimama. Nyuma kumeandikwa ukuta wa mbele, wa saba. Ile saba yako yenye mkia mrefu na kamstari katikati, aliyokufundisha yeye mwenyewe kwenye meza ya jikoni kwetu ukiwa na miaka mitano. Aliushika ule ubao kwa mikono miwili kwa muda mrefu.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Muulize mwandishi."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi sina ninalojua, kaka. Mimi huitwa kuleta sukari."

Mnunuzi si mjinga. Akauliza, "Kwani mzee, hapa kuna ugomvi?" Nikamwambia wasimamizi wa nyumba hii ni wawili, wa kwanza ni huyu mwenye mtalimbo, wa pili anwani yake hii hapa, aandike aulize. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye karatasi tangu Juni. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaaga kwa adabu.

Baba yako aliuegemeza ubao ukutani, polepole, kama kwamba utavunjika. Akaondoka bila chai. Mtalimbo ameusahau. Ubao nimeurudisha mahali pake kwa skrubu ndefu zaidi.

Kwa hiyo anwani yako imo mfukoni mwa mnunuzi, na mwandiko wako ameuona aliyekufundisha. Nimekusemea miezi minane, kwanza nikiamini, kisha nikijua. Sasa nimenyamaza. Likiuzwa hili eneo, litauzwa kwa kimya chako, na mimi nitatoka hapa nimebeba makreti ya njiwa kwa mikono yangu, na sitakuandikia tena.

Shangazi yako


30 Septemba

Shangazi yangu, shikamoo.

Mtoto ana meno mawili.

Mnunuzi aliandika. Nilimjibu siku ileile kwamba nyumba haiuzwi na sahihi yangu nimeiondoa, nikapeleka nakala kwa mwanasheria aliyetengeneza ile karatasi. Mwanasheria amejibu kwamba bila mimi karatasi haina kazi, na mnunuzi amejibu kwamba atatafuta kwingine. Barua zote mbili zimo ndani ya bahasha hii, zitunze wewe.

Ya baba niliiandika ya mwisho. Nilitaka iwe ndefu, yenye sababu. Ilipokwisha ilikuwa hivi: "Baba, shikamoo. Nilitia sahihi kwa sababu nilikuogopa. Bado nakuogopa. Sahihi nimeiondoa. Mwanao." Safari hii sikuichana. Niliipeleka posta mwenyewe nikiwa nimembeba mtoto, ili nisirudi nayo.

Amejibu jana. Ameandika kwamba nisikanyage tena nyumbani kwake, mimi, mke wangu wala mtoto. Mama mtoto aliichukua akaisoma, akaikunja, akaniuliza, basi Desemba tutafikia wapi? Nikashangaa kwamba jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Tupangie chumba cha babu. Tutakuja tarehe kumi na tano, watatu, na tutakaa mwezi mzima. Siku ya kufika tutamtumia baba salamu kwamba tupo. Akitaka kumwona mjukuu wake, atatukuta hapo. Njia anaijua, alizaliwa humo.

Mwanao, Pima